Tela la Kubebea Trekta: Anza na Breki, Malizia na Rangi

Mazungumzo ya leo yanawahusu wenye matrekta wanaoishi kwa kuwalimia watu, wale ambao msimu ukianza hawakai kituo kimoja. Tanzania mvua hazishuki siku moja nchi nzima. Kaskazini na mashariki kuna vuli na masika; kanda ya kati, kusini na magharibi kuna msimu mmoja mrefu unaoanza Novemba au Desemba na kwenda hadi Aprili. Mwenye trekta anayeijua kalenda hiyo anaweza kupata kazi Kilosa, akahamia Kongwa au Kiteto, kisha akatafuta wateja kwenye majaruba ya Mbarali, na chombo chake kikafanya kazi miezi mingi badala ya wiki chache. Taabu iko kwenye kulihamisha. Trekta la nguvu za farasi 75, likikimbia kadiri ya uwezo wake, hufika takribani kilometa 30 kwa saa. Safari ya kilometa 200 ni karibu saa 7 za lami, huku meno ya tairi za nyuma, yaliyotengenezwa kuuma udongo, yakisagwa na kokoto, dereva akichoka kabla hajaanza kazi, na mabasi na malori yakijipanga nyuma yake kila moja likivizia nafasi ya kupita. Ndiyo maana wapo wanaokwenda kwa fundi wa kuchomelea vyuma na kumwambia: nitengenezee tela.

Hapo ndipo maswali yanapoanza, na kwa kawaida huanza na yale yanayoonekana. Urefu gani? Sakafu ya bamba la chuma au ya mbao? Ngazi za kupandishia ziwe za kukunja au za kuchomoa? Tuweke winchi mbele? Rangi gani? Ekseli hutajwa mwishoni, na breki, kama mteja hakuuliza, huenda zisitajwe kabisa. Hoja yangu ni kwamba mpangilio huo uko kichwa chini miguu juu. Tela la kubebea trekta lichaguliwe kuanzia uzito, ushuke kwenye ekseli na breki, uende kwenye chasisi na mahali ekseli zinapokaa, ndipo ufike kwenye sakafu na ngazi. Sababu yake ni ya fedha kama ilivyo ya usalama: sakafu inaweza kubadilishwa mwaka kesho, taa zinaweza kuongezwa, winchi inaweza kusubiri hata miaka mitatu, lakini ekseli iliyochomelewa mahali pabaya, au chasisi iliyochaguliwa nyembamba, hutaiondoa bila kulibomoa tela zima.

Kabla ya kwenda mbali, tuseme ukweli kwamba si kila mwenye trekta anahitaji tela. Anayelihamisha mara mbili kwa mwaka, kutoka nyumbani kwenda shamba la pili na kurudi, akodi roli la Fuso. Atatafuta tuta la udongo la kupandishia, atalipa, na hesabu yake itakuwa nzuri kuliko kuweka mtaji kwenye vyuma vitakavyolala chini ya mwembe miezi kumi. Wapo pia wanaosema kwamba tela la mazao walilonalo, lile linalovutwa na trekta lenyewe kubeba mahindi na samadi, linatosha: liimarishwe kidogo, lipandishwe trekta, livutwe na gari. Hao ni lazima wapingwe waziwazi. Matela mengi ya namna hiyo hayana springi wala breki, na beringi zake zimechaguliwa kwa mwendo wa trekta. Ukilivuta kwa kilometa 60 kwa saa kwenye lami yenye mashimo, kila kishindo kinakwenda moja kwa moja kwenye ekseli na kwenye viungo vilivyochomelewa. Kuongeza vyuma juu yake hakubadilishi chochote chini yake; kunaongeza uzito tu.

Sasa tuje kwenye uzito wenyewe, kwa sababu hapo ndipo uamuzi wote unapozaliwa. Trekta la farasi 75 la aina zilizozoeleka huku kwetu, lenye kuvuta kwa magurudumu ya nyuma tu, lina kama tani 2 na nusu hadi tani 3. Tuchukue kilo 2,700. Jembe la sahani tatu, kwa makadirio, ni kilo 400. Tela lenyewe, la mita 6, lenye ekseli mbili na sakafu ya kweli, ni vigumu likawa chini ya kilo 1,000, tuseme 1,100. Jumla ni kilo 4,200, na bado hatujahesabu pipa la dizeli, haro, wala maji. Ndiyo, maji. Wakulima wengi hujaza maji kwenye tairi za nyuma ili trekta lisiteleze likivuta jembe, na tairi kubwa moja inaweza kubeba lita 200 au zaidi. Lita moja ni kilo moja. Tairi mbili za namna hiyo ni kilo 400 ambazo hazionekani kwa macho wala hazimo kwenye kijitabu cha trekta. Kwa hiyo usikadirie. Magari hupimwa kwenye viwanda vya sukari, kwenye viwanda vya kuchambulia pamba na kwenye maghala makubwa ya nafaka. Zungumza na wahusika, panda na trekta likiwa na jembe lake na maji yake, uandike namba. Karatasi hiyo ndiyo ramani ya fundi.

Namba hiyo ikishapatikana, jambo la kwanza inaloamua si tela bali gari la kulivuta. Pikapu za kisasa zenye injini ya dizeli, zikiwemo Hilux za matoleo mapya na Land Cruiser za mkonga mrefu, zimeidhinishwa na watengenezaji wake kuvuta hadi kilo 3,500 kama tela lina breki, na mara nyingi kilo 750 tu kama halina. Sikilizeni tena tofauti hiyo: 3,500 na 750. Tani 4.2 za mfano wetu zinazidi hata kikomo cha juu, na ukilishusha jembe ukalipakia nyuma ya pikapu bado unabaki na kilo 3,800. Hivyo basi, trekta la farasi 75 si mzigo wa pikapu. Jambo hili halipendwi, kwa sababu pikapu ndiyo gari ambalo wengi tayari wanalo, na kweli injini yake italivuta tela hilo bila kulalamika sana. Lakini kuvuta si kazi ngumu ya gari lenye tela. Kazi ngumu ni kusimama. Mwenye trekta dogo la farasi 50, ambalo halizidi sana tani 2, anaweza kujenga tela jepesi, akafunga breki, akakaa ndani ya kikomo cha pikapu yake kwa amani. Mwenye trekta kubwa atafute roli.

Atauliza mtu: kama nina roli la Fuso, kwa nini nisilipakie trekta juu ya roli lenyewe? Swali zuri, na kwa wengine jibu ni kwamba wafanye hivyo. Lakini sakafu ya roli iko juu zaidi ya mita moja, na kila unapokwenda unahitaji tuta au shimo la kuegesha roli ndipo trekta lipande. Mashamba mapya hayana tuta. Tena, roli lenye tela linabeba dizeli, jembe, haro na vipuri vyake juu ya mgongo wake, na trekta pekee linabaki kwenye tela. Likifika shambani tela linaachwa na roli linakwenda kutafuta maji au kubeba mazao ya mteja. Hapo chombo kimoja kimegeuka viwili.

Turudi chini ya tela. Kati ya ile jumla ya kilo 4,200, tukiacha sehemu inayobebwa na kiungo cha gari, karibu kilo 3,900 zinakaa kwenye tairi za tela. Kwenye ekseli moja yenye tairi mbili, kila tairi inabeba karibu tani 2, na hilo halikubaliki. Kwenye ekseli mbili zenye tairi nne, kila moja inabeba takribani tani moja. Tairi za 750-16 zenye ubavu mgumu, zile zinazojulikana kila soko la tairi, huweza kubeba kama kilo 1,250 hadi 1,500 kila moja zikiwa nzima na zimejazwa upepo unaotakiwa. Kwa hiyo ekseli mbili zinakupa akiba ya kutosha, na tairi moja ikipasuka bado umebaki na tatu za kukufikisha pembeni mwa barabara. Watu wa mizani hawatakusumbua kwa jambo hili. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016 inaruhusu hadi tani 10 kwenye ekseli moja yenye tairi nne, na sisi hatuko hata karibu. Mzigo wetu unaweza kuwa halali kabisa kwa barabara na bado ukawa hatari kwa gari linaloubeba.

Kuna jambo moja kwenye ekseli mbili ambalo mafundi hulipuuza. Ekseli hizo zikifungwa kila moja na springi zake, bila kiungo kati yake, tela likipita juu ya tuta la barabarani ekseli ya mbele inanyanyua mzigo wote peke yake, kisha ya nyuma nayo inafanya vivyo hivyo. Tairi uliyoihesabia tani moja inapata tani mbili kila tuta, na vijiji vya kando ya barabara zetu vina matuta mangapi, hilo nawaachia madereva. Dawa yake ni kipande cha chuma kinachobembea, kinachofungwa kati ya springi ya mbele na ya nyuma, ili moja ikipanda nyingine ishuke na mzigo ugawanyike sawa. Ni kipande kidogo cha bei ndogo, lakini ni lazima kiwemo tangu mwanzo kwa sababu kinaamua nafasi kati ya ekseli. Kuhusu ekseli zenyewe, za mitumba kutoka kwenye malori yaliyokufa si dhambi. Cha kuangalia ni kama hazijapinda, na kama beringi na sili zake zinauzwa Kibaigwa au Makambako siku ya Jumamosi jioni. Ekseli nzuri ambayo beringi yake inaagizwa Dar es Salaam itakulaza njiani.

Breki zina njia tatu. Ya kwanza ni ile inayofanya kazi kwa msukumo: gari likipunguza mwendo, tela linalisukuma, na msukumo huo wa kwenye mkono wa kuvutia unavuta waya au unasukuma mafuta hadi kwenye breki za tela. Haihitaji umeme wala upepo, na kwa tela jepesi la pikapu inafaa. Ulaya huruhusiwa hadi tani 3.5 tu, na sababu inaeleweka: kwenye mteremko mrefu tela linasukuma muda wote, kwa hiyo breki zake hazipumziki. Ya pili ni breki za umeme, ambazo dereva anaweza kuzirekebisha nguvu akiwa kwenye usukani, lakini angalia kwamba nyingi hutumia volti 12 na malori mengi ya Fuso yana volti 24. Ya tatu ni breki za upepo zinazounganishwa na za roli. Kwa trekta la farasi 75 nyuma ya roli lenye mfumo wa upepo, mimi sioni sababu ya kuchagua nyingine: dereva anakanyaga kanyagio moja, vyombo vyote viwili vinasimama, mafundi wake wapo kila mji wa barabara kuu, na ukifungwa vizuri mfumo huo hulishika tela lenyewe likitokea kukatika.

Mtasema: mbona tunayaona matela yasiyo na breki yakipita kila siku na yanafika? Yanafika, ni kweli. Lakini tunayoyaona ni yale yaliyofika. Yaliyoanguka hayapiti tena barabarani ili tuyahesabu, na wenye nayo hawaji gereji kutoa ushahidi. Tena mengi ya hayo yanatembea kilometa 30 kwa saa kwenye barabara za vumbi za tambarare, na mwenye kuyaona anachukua ushahidi wa tambarare na kwenda nao kwenye mteremko wa Kitonga. Tufanye hesabu ya mteremko unaoshuka mita 8 kwa kila mita 100. Tela la kilo 4,200 linalisukuma gari la mbele kwa nguvu ya kilo 336, mfululizo, kwa muda wote wa kushuka. Gari linapaswa kuzuia uzito wake na msukumo huo kwa breki zake pekee. Zinapata moto, na breki zilizopata moto hupoteza nguvu wakati ule ule unapozihitaji. Wasafiri wa Kitonga na Sekenke wanajua harufu hiyo. Tena si kusimama tu: tela lisilo na breki likisukuma kwenye kona linaweza kuipeleka pembeni sehemu ya nyuma ya gari, na dereva akajikuta anatazama alikotoka.

Sasa tufike mahali ambapo, kwa maoni yangu, pesa kidogo na akili nyingi hufanya tofauti kubwa kuliko kwingine kote: mahali pa kuweka ekseli na mahali pa kusimamisha trekta. Tela linatulia barabarani kama sehemu ya uzito wake, kwa matela ya namna hii kama sehemu moja ya kumi, inakandamiza kiungo cha gari. Ikipungua mno tela linaanza kuyumba mkia kadiri mwendo unavyoongezeka. Ikizidi gari linakaa kitako na usukani unakuwa mwepesi. Watu huchukulia trekta kama mzigo uliolingana, kumbe sivyo. Katika mfano wetu wa kilo 2,700, tuseme kilo 1,000 ziko kwenye magurudumu ya mbele na 1,700 kwenye ya nyuma. Kama magurudumu ya mbele na ya nyuma yameachana mita 2.2, kitovu cha uzito kipo kama sentimita 80 mbele ya ekseli ya nyuma ya trekta. Lifungie jembe la kilo 400 linaloning'inia mita 1.2 nyuma, na kitovu cha jumla kinarudi nyuma karibu robo ya mita.

Robo ya mita ni kitu gani kwenye tela la mita 6? Tuchukulie kutoka kwenye kiungo cha gari hadi katikati ya ekseli za tela ni mita 5. Trekta bila jembe, likisimama kitovu chake kikiwa nusu mita mbele ya ekseli za tela, linakandamiza kiungo kwa kilo 270, na hiyo ni sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Vizuri kabisa. Funga jembe bila kulisogeza trekta, na mgandamizo unashuka hadi kilo 150. Kisha dereva mwingine, kwa haraka ya jioni, alisimamishe trekta nusu mita nyuma ya alama. Sasa mzigo haukandamizi tena, unanyanyua, kwa nguvu ya kilo 160 kwenda juu. Jembe lile lile, tela lile lile, trekta lile lile, na chombo kimegeuka hatari. Ndiyo maana nasema mteja na fundi wakubaliane mapema: trekta litasafiri likitazama mbele au nyuma? Jembe litabaki limefungwa au litashushwa? Jibu likishapatikana ndipo ekseli zichomelewe, na mahali pa kusimamia gurudumu la mbele pachomelewe kizuizi cha chuma, ili dereva yeyote, mchana au usiku, asimame pale pale bila kubahatisha. Kizuizi hicho kina thamani kuliko winchi.

Chasisi isinichukue muda mrefu. Ichongwe kwa chaneli nzima, si vipande vilivyoungwa katikati; vyuma vya kukatiza vikae karibu karibu pale magurudumu ya nyuma ya trekta yanaposimama, maana hapo ndipo zaidi ya nusu ya mzigo ipo; na mkono wa kuvutia uanzie chini ya chasisi na kurudi nyuma vya kutosha, usibandikwe tu kwenye chuma cha mbele. Urefu wake kutoka ardhini ukae kiasi kwamba tela likiungwa linalala sawa na ardhi. Kiungo cha mpira wa milimita 50 tunachokijua kwenye pikapu kwa kawaida kimepimwa kwa tani 3.5, ukizidi hapo tumia jicho na pini, pamoja na minyororo miwili ya akiba iliyopishana chini ya mkono.

Upana unahitaji kipimo, si kumbukumbu. Pima trekta lako kutoka ukingo wa nje wa tairi moja ya nyuma hadi ukingo wa nje wa nyingine. Sakafu iliyo katikati ya magurudumu ya tela inakaa chini, labda sentimita 60 kutoka ardhini, na mzigo unatulia. Lakini nafasi yake ni finyu, na trekta lenye tairi pana linaweza lisiingie. Sakafu iliyo juu ya magurudumu inapokea upana wowote, ila inapanda hadi kama sentimita 90, na trekta ni kitu kirefu ambacho hakipendi kuinuliwa. Mimi ningeanza na sakafu ya chini, na kama trekta halipiti ningeuliza kwanza iwapo rimu za nyuma zinaweza kugeuzwa ili magurudumu yasogeleane, kwa maana matrekta mengi yameundwa hivyo. Hilo likishindikana ndipo nipande juu.

Juu ya sakafu yenyewe watu hubishana sana, wakidhani mbao ni nyepesi na chuma ni kizito. Bamba la chuma la milimita 6 lina kilo 47 kwa kila mita ya mraba. Mbao ngumu ya unene wa milimita 50, mfano wa mkongo, inafika karibu kilo 40. Tofauti si kubwa kama inavyodhaniwa. Sifa ya mbao ni kwamba tairi haitelezi juu yake kama kwenye bamba lililolowa matope, na ubao uliovunjika unabadilishwa na seremala wa kijijini. Kibaya chake ni kuoza kwenye viungio. Anayetaka kupunguza uzito kwa kweli aache kuziba sakafu nzima: njia mbili za magurudumu, kila moja sentimita 70, zinatosha, mradi zipokee magurudumu ya mbele na ya nyuma ambayo aghalabu hayako kwenye mstari mmoja. Akiba hiyo, ya uzito na ya fedha, ndiyo ya kununulia breki.

Ngazi fupi ni kosa linalojirudia kwa sababu ngazi fupi ni rahisi kubeba. Sakafu ya sentimita 90 na ngazi ya mita 1.8 zinatengeneza mwinuko wa nyuzi 30. Trekta lenye jembe nyuma, likipanda mwinuko huo likitazama mbele, lina magurudumu ya mbele mepesi yanayotafuta sababu ya kuinuka, na trekta likipinduka kinyumenyume dereva hana muda wa kuruka. Ngazi ya mita 3 inaushusha mwinuko huo hadi kama nyuzi 17. Kama ni nzito mno kwa watu wawili, mita ya mwisho ya sakafu na iinamishwe kuelekea chini, na ngazi ya mita 2.2 itatosha. Chini ya mkia wa tela iwepo miguu miwili ya kushusha kabla ya kupandisha. Bila hiyo, magurudumu ya nyuma ya trekta yakigusa ukingo tu, mkia unazama, na mbele ya tela inalinyanyua gari. Sakafu za kuinama kwa hidroliki ni nzuri kwa anayeweza kuzitunza. Katika vumbi letu sizipendekezi.

Kufunga mzigo ni sehemu ya ujenzi, si kazi ya utingo. Kanuni zinazotumika Ulaya na Australia zinataka ufungaji uweze kuzuia asilimia 80 ya uzito usiende mbele na nusu ya uzito usiende pembeni wala nyuma. Kwa kilo 3,100 za trekta na jembe, hiyo ni karibu tani 2.5 kwenda mbele. Kamba ya katani haipo katika hesabu hiyo, wala breki ya mkono ya trekta. Mnyororo wa milimita 10 wa daraja la 80 umepimwa kubeba tani 3.15 ukivutwa sambamba, na ukiukaza kwa mshazari nguvu yake inapungua, kwa hiyo inatakiwa minne, kila pembe mmoja, na pete zake zichomelewe kwenye chasisi, kamwe si kwenye sakafu. Jembe lisiachwe likining'inia kwa hidroliki. Lishushwe, likae juu ya ubao, lifungwe kivyake. Taa, indiketa na viakisi mwanga ni vya lazima na gharama yake ni ndogo, hivyo sitapoteza muda wenu.

Pingamizi la mwisho ni la mfukoni: breki za upepo, ekseli mbili na ngazi ndefu vitapandisha bei, na mafundi wengine watakubali kazi kwa pungufu. Watakubali. Lakini linganisha gharama ya breki na bei ya trekta litakalokaa juu yake, halafu na mapato ya msimu mmoja litakapolala gereji, kabla hujahesabu uhai wa mtu. Na sikusema ongeza fedha, nimesema zihamishe. Acha winchi, acha rimu za kung'aa, acha bamba la sakafu nzima, acha rangi ya bei mbaya.

Kwa hiyo unapokwenda kwa fundi, nenda na karatasi ya uzito na vipimo vya trekta, na malipo yagawanywe. Awamu moja ilipwe chasisi ikiwa bado haijapakwa rangi, ili uone kila mahali palipochomelewa, kwa sababu rangi huficha mengi. Awamu ya mwisho ilipwe baada ya majaribio. Peleka trekta lako na jembe lake, lipandishe, lifunge, weka mkono wa tela juu ya mizani ya kupimia magunia usome mgandamizo wake, kisha likokotwe kwenye barabara tupu na breki zikanyagwe kwa kilometa 40 kwa saa. Likivuta upande mmoja au likiyumba, lirudi gereji siku hiyo hiyo, na fedha iliyobaki ibaki mfukoni mwako.